Siku Mia Moja Arobaini na Sita

Anselmo Pagdilao alikuwa mtu wa kufua. Kwa miaka kumi na mmoja alifua shuka, mataulo na nguo za kulalia katika makao ya wazee mjini Vancouver, kwenye chumba cha chini ya ardhi ambako mashine zilinguruma kutwa na mvua ya nje haikusikika. Maneno yake yalikuwa machache na hakuwa na tabia ya kuyarudia. Mkewe, Visitacion, ambaye kila mtu alimwita Vising, alifanya kazi ghorofa ya juu yake, akiwaogesha na kuwalisha wazee hao hao. Vising ndiye aliyekuwa na mdomo.

"Nyumbani kwetu tumegawana kazi," aliwaambia wenzake. "Mimi wa kuvua, yeye wa kufua."

Wote wawili walikuwa wakazi wa kudumu. Walikuwa na kadi, walilipa kodi, walimlea binti yao Jovelyn mpaka akamaliza chuo na kupata uraia wake mwenyewe. Kura tu ndiyo hawakupiga. Vising alitaka kumfuata binti. Alisoma kitabu cha maswali ya uraia kwenye treni, akafaulu mtihani, akaletewa barua ya kumwita kula kiapo tarehe ishirini na tatu Februari. Anselmo alikuwa akiahirisha, mwaka baada ya mwaka.

"Kiingereza changu ni cha sabuni," alisema. "Tangulia wewe."

Januari ya mwaka ule kaka yake Vising alifariki huko kwao Badoc, kaskazini mwa Ufilipino. Vising akaomba ruhusa ya wiki mbili akaenda kumzika. Siku ya tisa ya sala za matanga, akiwa jikoni anawagawia watu wali, kijiko kilimtoka mkononi. Aliinama kukiokota asiinuke tena. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia na ulimi pia.

Mwanzoni mwa Februari Anselmo aliwasili Badoc na begi moja. Daktari alimwambia wazi kwamba mgonjwa huyu akipandishwa ndege hafiki. Tarehe ya kiapo ikaja ikapita, Vising akiwa amelala ametazama dari.

Anselmo alidhani ni suala la miezi miwili. Lakini mgonjwa wa namna ile hauguzwi kwa kalenda. Alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akaota vidonda vya kulalia. Alitakiwa kulishwa uji wa mchele kwa kijiko kidogo, taratibu, asije akapaliwa. Shemeji yake, dada wa Vising, alisaidia kwa mwezi mmoja, kisha mgongo ukamgomea. Basi Anselmo, aliyekuwa wa kufua tu, akawa wa kuvua na wa kufua. Miaka mitatu na miezi miwili aliifanya kazi hiyo. Kidonda alichopata Vising kilikuwa kimoja, kwenye kisigino, nacho kilipona.

Jovelyn alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili walikwaruzana.

"Mlete huku, Tatang. Hospitali za huku zingemtibu."

"Atafia njiani, mwanangu."

"Na huko hafi?"

Alikufa Aprili, asubuhi, baada ya kugeuzwa. Anselmo alimzika, akakaa siku arobaini za matanga, kisha akasubiri pasipoti mpya maana ya zamani ilikuwa imekwisha muda. Mwezi wa saba akapanda ndege. Kadi yake ya ukazi ilikuwa bado na miezi minne.

Baada ya saa kumi na moja angani, walishushwa kwenye ukumbi mrefu wenye safu za mashine, kila moja na kioo cha kugusa na kamera juu yake. Zamani alikuwa akizipita hizo mashine na Vising, na Vising ndiye aliyebonyeza. Mwanamke wa makamo aliyevaa kizibao cha bluu alikuwa akiwapanga watu. Alimtazama Anselmo akihangaika kuingiza kadi kinyumenyume, akamsogelea, akamsemesha bila kubahatisha kwa Kiilokano, lugha ya kwao, akimwita Manong, kaka mkubwa.

"Manong, igeuze. Picha itazame juu. Unatoka wapi?"

"Badoc."

"Loo, jirani! Mimi wa Sinait. Naitwa Saling." Akainamia kioo. "Haya, inauliza mko wangapi. Wanaoishi nyumba moja wanajaza pamoja."

Kidole cha Anselmo kilikwenda kwenye namba mbili. Kilikwenda chenyewe, na mashine ikakubali, ikamwomba pasipoti ya mtu wa pili.

"Mwenzio yuko wapi, Manong? Chooni?"

"Hapana," alisema Anselmo. "Niko peke yangu."

Saling alimwangalia mara moja, akabonyeza kurudi nyuma bila kuuliza. Mashine ikaendelea na maswali yake. Umebeba nyama? Silaha? Fedha nyingi? Umetembelea shamba? Anselmo alibonyeza hapana mpaka kwenye shamba, akasita, kwa kuwa kaburi la Vising lilikuwa pembeni ya shamba la vitunguu saumu la kaka yake. Akabonyeza ndiyo. Kamera ikashuka usawa wa uso wake, ikampiga picha, kisha karatasi ikatoka, yenye sura ya mzee aliyekonda ambaye hakumtambua vizuri.

"Sikiliza," alisema Saling kwa sauti ya chini, akijifanya anainyoosha karatasi. "Kule mbele kuna afisa. Akikuuliza, jibu fupi. Usimsimulie maisha yako."

Afisa alikuwa kijana mwenye kilemba, kwenye kifua ameandikwa Sandhu. Alipokea karatasi na pasipoti, akapekua. Pasipoti ilikuwa mpya kabisa. Ndani yake hamkuwa na kitu ila muhuri mmoja wa kutoka Manila.

"Ulikuwa shambani?"

"Kumzika mke wangu."

"Pole sana, bwana." Kijana aliinua kichwa, na pole yake ilikuwa ya kweli. Akaichukua kalamu. "Uliondoka hapa lini?"

"Februari."

"Februari hii?"

Hapo ndipo mambo yote yalipoamuliwa, kwa swali la maneno mawili. Kijana alikuwa ameshaanza kuandika. Nyuma ya Anselmo foleni ilikuwa imejikunja mara tatu, mtoto wa mtu akilia. Angesema ndiyo, angepita. Alijua hivyo wakati ule ule, hakuwa mjinga. Lakini Februari hii Vising alikuwa hai. Februari hii alikuwa akimlisha uji, akimfuta mdomo, akimsomea barua za Jovelyn. Kusema ameondoka Februari hii ni kusema kwamba ile miaka mingine mtu fulani alikuwa Vancouver anakunja shuka, na Vising alikuwa peke yake kitandani.

"Hapana," alisema. "Februari ya miaka mitatu nyuma."

Kalamu ikasimama. Anselmo akaona usoni mwa kijana kitu kama kero, kero ya mtu aliyefunguliwa mlango asiotaka kuuingia.

"Nifuate, bwana."

Walimkalisha chumba cha ndani kwa saa tano. Alihojiwa na Sandhu, kisha na msimamizi wake, kwa simu ya mkalimani aliyesema Kitagalogi cha Manila, chepesi kama cha mtangazaji wa redio. Sheria ilikuwa rahisi, hata Anselmo aliielewa. Mkazi wa kudumu anatakiwa awe amekaa nchini siku mia saba thelathini katika miaka mitano. Wakahesabu mara mbili. Zilikuwa mia tano themanini na nne. Zilipungua mia moja arobaini na sita.

Anselmo alifungua mkoba akatoa vyeti vya hospitali, cheti cha kifo, na barua ya kiapo ya Vising. Sandhu aliisoma ile barua mpaka mwisho, akairudisha mezani polepole.

"Angekula kiapo hiki kabla hajaenda," alisema, "angekuwa raia. Na mtu akikaa nje na mke wake raia, siku zote zinahesabiwa kana kwamba yuko hapa. Zote."

"Alikuwa arudi. Tiketi ilikuwa ya wiki mbili."

"Naelewa, bwana."

"Kwa hiyo kosa ni la kijiko," alisema Anselmo. Mkalimani akamwomba arudie. Hakurudia.

Wakamwekea karatasi mbili. Ya kwanza angeisaini akubali kuuacha ukazi mwenyewe, nao wangefikiria kumwingiza kama mgeni. Ya pili ilikuwa amri ya kuondoka, lakini amri hiyo angeweza kuikatia rufaa, na mpaka rufaa iamuliwe angebaki na haki zake. Kichwa kilikuwa kizito, macho yanamwasha, na ile karatasi ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja tu wa kusaini. Alichukua kalamu. Halafu akauliza, "Hii imeandikwa nimeacha?"

"Kwa hiari yako, ndiyo."

"Sikuacha kitu mimi," alisema, akaisukuma.

Jovelyn alikuwa kwenye ukumbi wa wanaowasili, ameganda kwenye kiti. Alimkumbatia baba yake, akalia, akasikiliza, kisha machozi yakageuka moto.

"Alikuuliza Februari hii, Tatang! Amekutafunia! Wewe wa kumeza tu!"

"Nilisikia."

"Ungesema ndiyo! Neno moja! Mama amekufa, na wewe sasa wanakufukuza, nibaki na nani? Unajua watu wanavyodanganya hapo kila siku?"

"Sijui wanavyodanganya."

"Ndiyo shida yako! Hukumleta Mama, na mwenyewe umeshindwa kujileta."

Maneno mengine yakishatoka hayarudi. Walisafiri kwenye treni hadi kituo cha Joyce, karibu na nyumbani kwa Jovelyn, kila mmoja dirisha lake, na mvua.

Rufaa ilichukua mwaka na nusu. Makao ya wazee yalimrudisha kazini siku za Jumamosi na Jumapili, kwenye chumba kile kile. Wapya hawakumjua; wa zamani walimwuliza Vising yuko wapi, akawajibu. Alikuwa akilala sebuleni kwa Jovelyn. Walizungumza habari za chakula, funguo na nguo za kufua, basi.

Siku ya shauri mwamuzi alikuwa mama mwenye sauti ya upole, kwenye kioo cha kompyuta.

"Bwana Pagdilao, kwa nini hukurudi hata mara moja katika miaka mitatu? Hata kwa miezi michache?"

"Nani angemgeuza?"

"Shemeji yako alikuwepo. Ungeweza kuajiri mtu."

"Ningeweza," alisema Anselmo. Wakili wake wa msaada wa kisheria akamtazama kwa hofu, lakini alikuwa ameshaendelea. "Ila mgeuzaji wa kulipwa hupitiwa na usingizi."

Hukumu ilikuja kwa barua, kurasa tisa. Mwamuzi aliandika kwamba anamwonea huruma, na kwamba kujitoa kwake, miaka mitatu na kidonda kimoja tu, ni kwa kusifiwa. Lakini Anselmo alikaa Badoc kwa uamuzi wake mwenyewe, hana mali nchini, binti ni mtu mzima anayejitegemea. Rufaa imekataliwa. Siku thelathini awe ameondoka.

Jovelyn aliisoma kwa sauti jikoni, akitafsiri. Alipofika pale pa kusifiwa akaikunja barua.

"Kidonda kimoja tu?" aliuliza ghafla. "Miaka yote ile?"

"Kimoja. Kisigino. Kilipona."

Alikaa chini mbele ya baba yake, akauweka mkono wake juu ya ule wa baba, mkono mkavu uliobabuka kwa sabuni. Hakuomba msamaha, wala baba hakuusubiri.

Nchi ile humkagua mtu anapoingia. Akitoka hakuna anayemwuliza. Lakini mwenye amri ya kuondoka lazima athibitishe kwamba kweli ameondoka, la sivyo anahesabiwa mtoro na mlango unafungwa kwa maisha. Kwa hiyo asubuhi ya safari baba na binti waliuzunguka uwanja wa ndege mzima wakitafuta ofisi ya kuthibitishia hilo. Wakaikuta imefungwa. Wakabisha, wakasubiri dakika arobaini, ndege ikikaribia kufunga milango, mpaka akaja afisa mmoja akitafuna mkate, akamwomba pasipoti, akagonga muhuri kwenye cheti.

"Weka sahihi hapa," alisema. "Hiki kinaonyesha umeondoka."

"Bado nipo," alisema Anselmo.

"Ndiyo, lakini weka."

Akaweka sahihi. Jovelyn alimbebea begi mpaka pale asiporuhusiwa kupita, akalining'iniza begani mwa baba, akarekebisha mkanda wa begi, akaurekebisha tena.