Bernardo Aliyeteuliwa Mara Tatu

Bernardo wa Likunja hutunga muziki wa filamu huko Dar es Salaam, na Ruangwa nzima inamwita fahari yetu. Mimi namjua tangu akipiga kinanda parokiani Nachingwea, na sina fahari naye hata chembe.

Filamu yake ya kwanza ilihusu mavuno ya ufuta. Alikuja kijijini Malolo kwa Mzee Masoudi, wa mwisho kujua mapigo ya zamani ya ngoma za Kimwera, akamrekodi kutwa nzima. Nilikuwepo alipomwahidi: "Babu, nikishinda, jina lako nitalitaja jukwaani."

"Litaje sasa, ningali na masikio," Masoudi akamjibu. Tulicheka.

Aliteuliwa kuwania tuzo, akashindwa na mtu aliyebandika vinanda vya Kizungu kwenye filamu ya wavuvi. Mwaka uliofuata akateuliwa tena, kwa filamu ya pili yenye ngoma zilezile, akashindwa tena. Jaji mmoja alimwambia muziki wake unanuka shamba. Unanuka shamba! Kwani huyo jaji anakula misumari?

Bernardo hakukasirika. Alikubali. Katika filamu ya tatu alizitoa ngoma zote, akaweka midundo ya kompyuta, wala hakufika Malolo kumwambia mzee. Masoudi alikuwa ameshapofuka. Kitu kimoja tu alichobaki kukitaka duniani ni kusikia jina lake likitajwa pamoja na ngoma yake.

Safari hii Bernardo akashinda. Asubuhi yake mimi na Masoudi tulikaa kwa Hafidha, muuza chai wa sokoni Ruangwa, naye akatufungulia hotuba kwenye simu. Bernardo alimshukuru Mungu, mtayarishaji, mkewe Happy, na fundi wa nywele zake.

"Kwangu hajafika?" Masoudi akauliza.

"Amemaliza, babu," Hafidha akasema taratibu.

"Basi nisikie ngoma."

Hafidha akaufungua muziki wenyewe. Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ngoma iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo, mzee!" akadakia dereva mmoja wa bodaboda. "Ya kompyuta. Siku hizi hakuna kuumiza mikono."

Enzi zetu kijana huyo angekula bakora. Siku hiyo watu walicheka naye.

Wiki iliyofuata watu wa Ruangwa wakampokea Bernardo kwa msururu wa pikipiki. Waheshimiwa walitaka ngoma ya asili, kwa ajili ya picha, wakamleta Masoudi kwa gari. Manyunyu yalikuwa yakianguka.

"Na huyu ni mzee wetu mpiga ngoma," Bernardo akasema kwenye kipaza sauti. Mzee wetu! Kama mti wa njiani. "Babu, tupigie kidogo."

Masoudi akaisukuma ngoma kuelekea kwenye sauti ile. "Piga wewe. Mshindi ni wewe." Akaomba arudishwe nyumbani, na mimi nikamshika mkono.

Nyuma yetu Bernardo akaanza kupiga. Ngozi ilikuwa imelowa, wala hakuipasha motoni ikaze, ingawa alimwona Masoudi akifanya hivyo siku ile ya kurekodi. Ikalia kama ndoo yenye maji. Nikageuka, nikingoja watu wazomee.

Walipiga makofi. Mmoja alimwomba arudie, simu yake ilichelewa kurekodi.