Kijakazi wa Jalalani

Hivi karibuni mwalimu mwenzangu, binti aliyehamia shuleni kwetu Kiwangwa kutoka Dar es Salaam, alinisikia nikimwita mtoto wangu, akapiga makofi kwa furaha.

"Jina la kibibi hilo! Mjini sasa ndiyo yanayotafutwa. Shoga yangu kamwita wake Chausiku, mwingine Sikudhani. Wewe umelipata wapi?"

Nikamjibu kuwa nilipewa na bibi yangu. Sikuongeza neno. Kengele ilikuwa imelia, na yapo mambo ambayo huwezi kumsimulia mtu mkiwa mmeshika chaki.

Kabla ya huyu nilizaa mabinti wawili. Wa kwanza alifariki akiwa na mwaka na nusu, wa pili akiwa na miezi kumi. Wote walianza hivyo hivyo: homa, viganja kuvimba, kilio mpaka sauti ikakauka. Majina yao mimi na mume wangu tulikuwa tumeyachagua kwenye simu, majina ya kisasa, yenye maana za nuru na maua. Siyataji tena. Mimba ya tatu sikuifurahia. Sikumtafutia mtoto hata kanga ya kumpokelea.

Alipotimiza siku arobaini nilimbeba mpaka Fukayosi, kwa bibi aliyenilea. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikaanza kulia.

"Marahaba, mke mwenzangu," alisema, bila kukiweka kisu chini. "Huyu naye mmempa jina?"

"Analo, la kwenye cheti."

"Zuri?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mnawapigia debe watoto wenu," alisema. "Zamani mtu akizika wawili, wa tatu humficha. Humpa jina ambalo kifo kikilisikia kitapita, kitaona hapa hakuna cha kuchukua."

Mimi hufundisha sayansi darasa la sita. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu kwamba ugonjwa una sababu. Lakini siku ile nilimsikiliza bibi kama mtoto wa chekechea. Angeniambia nitembee kwa magoti mpaka baharini, ningekwenda.

Asubuhi yake tulikwenda nyuma ya jiko, kwenye jalala. Palikuwa na majivu na maganda ya mihogo ya jana. Bibi akamlaza mtoto juu ya kipande cha mkeka chakavu, akanivuta pembeni. Jirani yake, mama wa makamo, akaja na jembe begani kana kwamba anapita tu, akasimama na kupaza sauti.

"Jamani! Nimeokota kijakazi jalalani! Mwenyewe nani?"

Bibi akanitazama.

"Si wangu," nilisema.

"Sema wasikie."

"Si wangu! Simjui!"

Mtoto alisikia sauti yangu akaanza kulia. Maziwa yakanichuruzika yenyewe, yakalowesha gauni mpaka tumboni, na mimi nimesimama pale pale. Jirani akamwinua, akampangusa majivu mguuni, akanikabidhi. "Basi nisaidie kulea kijakazi wangu," alisema.

Tangu siku hiyo likawa ndilo jina lake, Kijakazi, na mimi nikawa mlezi tu. Bibi alinipa masharti mawili. Nisimwite mwanangu mbele za watu. Na mtu akilitaja lile jina la cheti kwa sauti, nisiitike.

Mume wangu aliposikia alifoka.

"Kijakazi? Hapa Bagamoyo? Watu waliswagwa katika njia hizi na minyororo shingoni, leo wewe unamwita mtoto wangu hivyo kwa hiari yako? Na dini imetuambia tuwape watoto majina mema!"

"Majina mema tumeyazika mawili," nilimwambia.

Alitoka akaenda shambani kwenye mananasi. Kwa siku tatu hakula chakula nilichopika.

Kijakazi alipofika miezi saba, viganja vikavimba. Mume wangu alikuwa amepeleka mananasi Vigwaza, na simu yake haikupatikana. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda naye peke yangu hospitali, mjini Bagamoyo. Niliandikisha kwa kadi, nikakaa kwenye benchi na wenzangu.

Muuguzi akatokea mlangoni na faili, akaita. Aliita lile jina zuri, na la baba, na la ukoo. Nikamkumbatia mtoto, nikakaa kimya. Akaita tena, kwa sauti zaidi. Nilikuwa na hakika kwamba nikiitika nimemtoa kwa kifo.

"Hayupo? Haya, anayefuata."

Akaingia mama mwingine, na baada yake mwingine. Midomo ya Kijakazi ilikuwa imepauka na pumzi zake zilikuwa fupi fupi. Nikainuka, nikamfuata muuguzi mlangoni, nikamwomba kwa kunong'ona amwandike jina jingine.

"Kadi inasema hili," alisema. "Mama, huyu mtoto ni wako au si wako?"

"Ni wangu!" nilipiga kelele, ukumbi mzima ukageuka. "Nimemzaa mimi! Mchukueni, ni wangu!"

Walimwongezea damu. Siku ya pili daktari alinikalisha, akanieleza taratibu kwamba mtoto ana seli mundu, ugonjwa wa damu anaozaliwa nao. Nusu hutoka kwa baba, nusu kwa mama.

"Na wale wawili?" niliuliza.

Aliinamisha macho. "Inawezekana sana, mama."

Kumbe hapakuwa na kifo kilichokuwa kikisikiliza majina. Adui alikuwa katika damu yetu, yangu na ya mume wangu, na hakuna jalala la kumficha mtu na damu yake. Mume wangu alipofika jioni nilimweleza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mguu mdogo wa binti yake.

Mwaka jana bibi aliugua. Nilikwenda Fukayosi kumwogesha na kumlisha uji. Siku moja, nikimkausha miguu, alisema bila kuulizwa:

"Mama yako alikuwa wa nne."

Sikuwahi kulijua hilo. "Watatu wa mwanzo walikuwa na nini?"

"Walivimba viganja."

"Hukuwaficha?"

"Wa pili nilimwita Kijakazi. Wa tatu pia nilimlaza jalalani, nikamkana." Akanipa mguu wa pili. "Mama yako sikumfanyia lolote. Nilikuwa nimechoka. Nilimpa tu jina zuri."

Nikakiweka kitambaa chini.

"Bibi, sasa kwa nini ukanifanyisha yale?"

"Ulikuja unalia, mjukuu wangu. Sikuwa na kingine cha kukupa."

Tulimzika wiki iliyofuata.

Mtoto wangu sasa ana miaka sita. Kila asubuhi anameza vidonge vyake, na Juni baridi ikiingia mifupa humuuma mpaka anaomba nimkalie miguu. Baba yake humwita Mama tu. Kwa lile la jalalani hajamwita hata siku moja. Maneno ya bibi sijamwambia. Mimi bado namwita Kijakazi. Najua halimsaidii, lakini kuliacha sithubutu.