Mstari Nilioufuta Njombe

Mkuu wangu aliponisogezea karatasi nitie saini, kalamu nilikuwa nimeshaishika. Nakiri hilo kwanza, kwa sababu wanaosikia kisa hiki hudhani nilikuwa jasiri tangu mwanzo.

Karatasi ilisema hitilafu ya Ipelele imetokana na uzembe wa mtunza kituo. Huyo ni mama mkulima wa viazi aliyekabidhiwa ufunguo wa kibanda chetu cha mitambo ili afagie, aangalie betri na kupiga simu kukiwa na shida. Nikisaini, ananyang'anywa ufunguo siku hiyohiyo, na kazi inaondoka nao. Mimi ndiye niliyekuwa nimepima, kwa hiyo saini ilitakiwa iwe yangu.

Ofisi yetu ya mtandao iko Makambako. Kila Jumanne asubuhi tunarusha somo la video kwa wakulima waliokusanyika katika kumbi za Tandala, Manda na Ipelele. Hatulitumi mara tatu. Picha inatoka kwetu ikiwa moja, inafika kwenye ruta ya Njombe, mtambo wa kuelekeza njia, na hapo ndipo inapotolewa nakala. Kila nakala hubandikwa lebo, yaani namba inayoiambia mitambo ya mbele iipeleke wapi. Ni mti wenye shina Makambako na matawi yanayoanzia Njombe. Jumanne ile Tandala na Manda waliliona somo. Ipelele watu walikaa kwenye mabenchi wakitazama skrini nyeusi.

"Pingi inafika Ipelele na inarudi," mkuu alisema. "Njia ni nzima. Huyo mama anachomoa kile kisanduku cha kupokelea picha ili achaji simu za majirani. Saini, binti, tukanywe chai."

Pingi ni ujumbe mdogo wa kubisha hodi: unauliza upo, mtambo wa mbali unajibu nipo. Ofisini kwetu ndicho kipimo cha kwanza na cha mwisho. Ikirudi, lawama inahamia kwa aliye mbali zaidi. Mimi nilikuwa nimeipiga mara kumi na moja, maana kumi huwa naona hazitoshi, na zote zilirudi.

Lakini nilijua kitu, na kukijua kulinitia jasho ingawa upepo wa Makambako ulikuwa unapita chini ya mlango.

"Hodi hiyo haipiti njia ya picha," nilisema. "Inapita njia ya kawaida. Picha inapita kwenye mti."

"Nani kakufundisha?"

"Nimejisomea."

"Aa! Kumbe tuna profesa." Dereva aliyekuwa akisubiri kupeleka barua akacheka hadi akakohoa.

Ni kweli, sina cheti. Nilijifunza nyumbani Njombe kwa ruta mbili zilizotupwa, blanketi mabegani, kamusi upande mmoja na kitabu cha Kiingereza upande mwingine. Ndiyo maana nahakiki kila kitu mara tatu. Nikaiweka kalamu mezani.

"Sisaini."

Nikatuma hodi ya aina nyingine, inayobandikwa lebo ileile ya picha na kusukumwa ndani ya mti wenyewe. Hiyo haijibiwi na kisanduku. Inajibiwa na ruta ya kila kituo, na ruta ya Ipelele ilikuwa inawaka. Manda ikajibu. Tandala ikajibu. Ipelele kimya. Nikarudia, nikasubiri zaidi. Kimya. Basi picha ilikuwa haifiki hata mlangoni kwa yule mama.

Nikaanza kuufuata mti hatua kwa hatua, nikiiagiza hodi isipite hatua ya kwanza. Njombe ikajibu kwamba yenyewe ni njia panda na inatoa nakala mbili.

Zilitakiwa ziwe tatu.

Hapo nikajua, kabla sijafungua chochote. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimeingia kwenye ruta ya Njombe kusafisha. Nikakuta mistari miwili ya maagizo, inayotokea poti moja, yaani tundu moja la waya, kuelekea Makete, inayofanana kama mapacha. Mimi siwezi kuona vitu viwili vinavyofanana mahali pamoja nikavumilia. Nilidhani mmoja umerudiwa kwa bahati mbaya. Sikumuuliza mtu, nikaufuta, nikajisikia kama mtu aliyefagia uwanja wote. Kumbe Tandala na Ipelele zote ziko upande wa Makete: mmoja ulikuwa wa Tandala. Niliofuta ulikuwa wa Ipelele.

Nilifungua kumbukumbu ya mabadiliko ya ruta; mkuu akainama kwenye skrini, akaona tarehe na jina langu. Akapunguza sauti, kwa wema kabisa.

"Rudisha mstari. Barua ya mama imeshaandikwa. Wewe bado uko kwenye majaribio. Nyamaza tu."

Nilirudisha mstari, nikarusha kipande cha somo kujaribu. Kisha nikaichana ile karatasi vipande vinne vilivyo sawa, maana hata hasira yangu ina rula, nikaandika nyingine: kosa ni langu, lilifanyika Njombe, kituo cha Ipelele hakina hatia. Hiyo nikaisaini.

Walininyang'anya neno la siri. Mpaka leo siigusi ruta ya Njombe bila mtu kukaa pembeni yangu, na hilo nimelistahili. Nisilokubali ni pingi kuwa hakimu. Nimebandika ukutani karatasi inayoeleza kipimo cha mti. Mkuu aliibandua. Nikabandika nyingine, kwa gundi.

Mchana ule nilimpigia mama wa Ipelele.

"Kamwene, mama," nilimsalimia kwa salamu ya huku kwetu.

"Kamwene, mwanangu. Picha imerudi! Ila asubuhi wamenipigia simu nitoe ufunguo. Nimpe nani?"

"Usimpe mtu. Kosa lilikuwa langu, nilifuta njia yenu."

Nikasikia kuku.

"Ila simu za watu huwa nachaji kweli," akasema. "Uwaambie, wasije wakasema nilificha."

"Sikutumwa kupima simu, mama," nikamjibu. "Nimepima picha."