Madoa ya Yai la Kitwitwi

Mtaani walimwita Mama Mayai, na mgeni aliyekwenda kwake kununua ya kukaanga alirudi mikono mitupu. Mayai yake yalikuwa ya plasta. Aliyamimina kwenye kalibu za mpira, akayapiga msasa, kisha akayapaka rangi yafanane na ya ndege wa porini, ili wanafunzi wayajue bila kugusa kiota cha ndege yeyote.

Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukalala. Jumba la makumbusho lilikuwa bado linangoja mayai yake. Alipojaribu kushika brashi, ikamponyoka. Akageukia ukutani, akalia kimyakimya.

Mumewe, fundi magari aliyestaafu, akaiokota.

"Nifundishe, mke wangu."

"Wewe? Wewe na nyundo ndio mnaelewana."

"Mbona na wewe tumeelewana?"

Yai la bundi halikuwasumbua, maana ni jeupe tupu. Kazi ilikuwa kwa kitwitwi, ndege anayetaga chini penye kokoto. Madoa ya yai lake ndiyo yanayolificha. Mzee alitia madoa huku ameuma ulimi. Mkewe akaligeuzageuza.

"Mzee wangu, hili lina surua."

Wakacheka mpaka kikohozi kikamshika mzee. Tangu augue, mkewe hakuwa amecheka. Na sasa kicheko kilipinda upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa chake.

Kesho yake waligombana. Mzee alishindilia rangi kama anayepaka grisi, mkewe akamfokea, halafu akaona haya. Akauweka mkono wake mzima juu ya ule wa mumewe. Wakachovya mswaki mkuukuu kwenye rangi ya kahawia, wakapitisha kidole polepole juu ya nywele za mswaki. Madoa yakarukia yai, madogo kwa makubwa, mengi zaidi upande ulio butu.

"Hapo hapo," mkewe akanong'ona. "Usiongeze hata moja."

Siku ya maonyesho, yai lile liliwekwa katikati ya kokoto. Watoto wakalitafuta, wasilione.

"Si lile pale!" mzee akaropoka.

Mkewe akamvuta shati. "Nyamaza bwana, waache watafute."

Mkono wake haukurudi kama zamani. Siku hizi yeye huchanganya rangi kwa mkono wa kushoto, mumewe hutia madoa. Ukiuliza fundi ni nani, kila mmoja humwonyesha mwenzake kwa kidevu.