Vyumba vya Tumbo la Ng'ombe

"Ungepungukiwa nini, mama, mgeni angeshinda?"

Baba alisubiri mgeni aondoke ndipo akaniuliza. Alituita mama sisi mabinti zake, hasa akiwa amechoka. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nina jibu la kila kitu, lakini nikainama kuokota kadi sakafuni.

Mgeni alikuwa meneja wake. Baba alikuwa mtunza stoo kwenye karakana ya shirika la umma pale Kizota, Dodoma, na shirika lilikuwa linauzwa. Orodha ya watakaopunguzwa ilitarajiwa kutoka makao makuu. Mwezi ule watu wa mtaani walisalimiana huku wakichunguzana nyuso, kujua nani kashapata barua. Baba alipomwalika meneja chakula cha Jumapili, nilielewa nilivyotaka kuelewa: anajipendekeza asiguswe. Tena alinifuata jikoni kabla mgeni hajafika, akasema, "Kwangu mgeni hashindwi. Umenielewa?"

Alimaanisha ule mchezo wangu. Mhadhiri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya aliniachia boksi lenye ubao, dadu na kadi za Kiingereza. Mnagawana timu. Kadi moja inakutaka uchore, nyingine ufinyange, nyingine utaje herufi za neno kuanzia mwisho, nyingine ni maswali ya maarifa. Udongo wake ulikuwa umekauka, tukatumia wa kichuguu tulioulowesha. Kadi nilisoma mimi, nikitafsiri; za timu yangu alizisoma meneja.

Baba na meneja wakawa timu moja, mimi na mama nyingine. Mama akafinyanga kitu chenye mkia.

"Punda," nikasema.

"Punda gani ana upanga kichwani? Jogoo huyo, msomi wangu."

Meneja alicheka mpaka akaweka glasi chini. Zamu yake alichora baiskeli, na baba akaitambua kabla haijapata magurudumu. Alitaja "karanga" kinyumenyume akaruka herufi; baba akasema ni sawa. Kwa kuwa saa ya mchezo ilivunjika, tulipima muda kwa kuhesabu hadi sitini, na meneja akicheza baba alihesabu kama mtu anayepanda mlima na gunia kichwani. Niliona aibu kwa niaba yake.

Walibakiza hatua moja washinde. Sisi pia. Nikasoma swali lao: tumbo la ng'ombe lina vyumba vingapi?

"Viwili," meneja akasema, kisha akamgeukia baba. "Au unasemaje, mzee?"

"Viwili, bosi."

Baba alikulia Mlali akichunga. Sikukuu moja alinisimamisha kando ya ng'ombe aliyechinjwa, akanionyesha vyumba vile kimoja kimoja kwa ncha ya kisu.

"Vinne," nikasema.

"Kadi imekosea," baba akasema. "Wazungu wana ng'ombe wa kwao."

"Baba, ulinihesabia mwenyewe. Ulikuwa na kisu mkononi."

Mama akaanza kukusanya vikombe, ingawa vingine bado vilikuwa na chai. Meneja akamgeukia baba.

"Kwa hiyo miaka yote hii huwa unanikubalia tu, mzee."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia. Kisha akaenda kutafuta viatu vyake mlangoni.

Wiki ileile baba alipewa barua. Meneja naye aliondoka Dodoma. Nikasikia amehamishwa, nikadhani kapanda cheo. Baba akawa anakwenda Makutupora msimu wa zabibu, kibarua katikati ya vijana, akirudi na mikono iliyochanika. Hakuna nyumbani aliyenilaumu. Nilianza kutafuta visingizio vya kubaki chuoni wakati wa likizo. Nilihoji serikali, dini, wahadhiri, lakini hesabu moja sikuihoji kamwe: ulimi wangu, barua yake.

Zaidi ya miaka kumi baadaye, baba akiwa ameshazikwa, mama alinieleza tukiwa tunachambua mchele. Orodha ilifika kwa faksi Ijumaa, siku mbili kabla ya chakula kile, meneja akiwa safarini. Mpiga chapa wa ofisini alimwonyesha baba kwa siri; meneja aliporudi kesho yake, ndipo baba akamwalika. Jina la baba lilikuwa la tisa. La kwanza lilikuwa la meneja, na Jumapili ile alikuwa bado hajaambiwa.