Ukuta Nilioupaka Baada ya Msiba

Mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya, upande wa Kahama, surua ilimchukua binti yangu mdogo. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Waliokuja kunipa pole walikuwa na maneno matamu kweli. "Utapata mwingine," waliniambia, kana kwamba nimevunja chungu. Mama mkwe, aliyekuwa anakaa nasi, alinishauri nisilie sana, eti ni kumkufuru Mungu. Nikawa mkwe mtiifu. Sikulia kabisa. Wala sikula, wala sikulala, na ukinisalimu leo nakujibu kesho.

Nyumba yetu ilikuwa haijasiribwa upande wa mbele. Asubuhi moja nikakanda udongo nikaanza. Mkono ulipofika katikati ya ukuta ukakataa kulainisha. Ukazunguka, ukarudi, ukazunguka tena. Nikaenda jikoni nikakwangua masizi, nikachota majivu, nikaponda udongo mwekundu wa kichuguu. Sikuwa nimepanga kuchora chochote. Kilichotoka ni duara kubwa jeusi, na ndani yake mistari myekundu iliyokwenda ilikotaka. Nilipomaliza nikasikia njaa. Nikala kiporo chote cha ugali, pamoja na cha mume wangu.

Tangu siku hiyo nikawa napaka kila nilipopata nafasi, na wataalamu wakaanza kumiminika. Katekista aliona nyoka wa Edeni, akaniachia sala ya kumfukuza. Jirani naye aliona nyoka, ila yeye alifurahi, maana babu yake alikuwa mcheza ngoma na chatu. Mama mkwe aliona aibu tupu.

"Mwanamke mzima anachezea matope! Twende kwa mfumu akutazame."

Mfumu, mganga wetu, akapasua kuku, akamchungulia, akatangaza kwamba mkono wangu umeshikwa na mzimu wa shangazi yangu. Sikuwahi kuwa na shangazi. Kuku tulimwacha hukohuko.

Kisha akaja balozi wa nyumba kumi. "Mama, kiongozi wa wilaya anakuja. Futa hayo madude."

"Nitafuta, baba. Kile kisima mlichotuahidi kikitoa maji tu."

Kiongozi akaja, akasimama mbele ya ukuta wangu, mikono nyuma. "Mama huyu ameelewa siasa," akasema. "Duara ni umoja, mistari ni barabara za kijiji." Balozi alipiga makofi kuliko wote. Barabara hatukuwa nayo hata moja.

Hakuna aliyeniuliza mimi. Mpaka mchana mmoja, watu wakiwa kwenye pamba, mama mkwe akasimama nyuma yangu. Akaonyesha doa dogo la majivu karibu na kizingiti.

"Na huyu wa hapa chini, ni yeye?"

Nikafungua mdomo nimjibu, kikatoka kilio. Nililia hadi nikakaa chini. Naye akakaa.

"Mimi nilizika watatu, mayu," akasema, akiniita mama. "Kesho yake nikapelekwa shambani kulima."

Mume wangu hakuwahi kuniambia. Labda naye hakuambiwa. Mama mkwe akachovya vidole kwenye masizi, akavuta mstari mmoja, akasita, akavuta mwingine, machozi yakimtiririka na mkono ukienda. Jioni ilipofika alikuwa na mbuzi wa miguu mitano, mbaya kuliko kitu chochote nilichopata kuchora mimi.

Jirani alipopita akamsifu yule mbuzi. Mama mkwe akajifuta mikono kwenye kanga.

"Unadhani nani mwingine alimfundisha huyu mkwe wangu?"