Siku Nilificha Firigisi ya Bakwe mu Poche

Niko na haya ya kusimulia hii, mais batu ba Butembo banaisimuliaka wakati miye siko pale na kila mutu anaongeza chumvi yake, donc bora muisikie mu kinywa yangu mwenyewe, hata kama ile kinywa iko na pengo. Na musianze kucheka mbele ya wakati. Niko na hasira. Nilikuwa nayo ile siku, niko nayo leo, na kama munataka kujua ni hasira ya nani, mungojee, juu batu bako mingi ndani, na wa kwanza ni miye.

Miye ni Kasereka, ninauzisha bitenge hapa Butembo katikati ya muji, na mu familia yetu miye njo porte-parole. Kila mara kijana wetu anataka kuoa, miye njo ninasimama mbele ya bakwe, ninaomba, ninabembeleza, ninachekesha bazee mpaka banasahau hesabu ya mbuzi (Mungu alinipatia mudomo, hakunipatia kitu ingine). Sasa karibu miaka tatu iliyopita moto yangu, ile pikipiki, ikaniangusha ku njia ya Kipese, matope ya mvua, nikaamuka na jino moja pungufu, ile ya juu, katikati kabisa, ile batu banaangaliaka mbele ya kuangalia macho yako. Bauzishaji benzangu bakaanza kuniita Portail. Portail, mulango wako iko wazi. Portail, funga, baridi inaingia. Mwanamuke anakuja kuuliza bei ya kitenge, kitenge haangalie, anaangalia tundu. Miaka mbili nilicheka nimeweka mukono ku mudomo sawa bibi-arusi.

Bon. Nikauzisha ile moto (ile ile iliniangusha, sikuililia hata) nikaenda kwa docteur ya meno, mwanamuke kijana, alisomea Kampala, na ye akanifasiria kitu banaita implant: banatoboa mufupa ya taya, banaingiza vis kadogo, skurubu ya chuma ya titane, mufupa inaikamata polepole, na nyuma ya miezi ine banaweka jino juu yake, jino ya kweli, ya kutafuna mpaka kufa. Nikasema sawa, tia. Akatia. Mais miezi ine, bandugu, na dot, siku ya mahari, ya mutoto ya kaka yangu ilikuwa nyuma ya majuma tatu tu. Akaniambia basi uende na pengo, hakuna mutu atakufa. Nikakatala. Nikapiga kelele mule mu cabinet mpaka bagonjwa bale balikuwa inje bakasimama kuangalia. Mwisho akachoka na miye, akanitilia jino ya muda juu ya ile vis, nyeupe, nzuri, na akainua kidole.

"Papa Kasereka, unisikilize muzuri. Hii ni jino ya kuonyesha, hapana ya kutafuna. Supu, bugali laini, ndizi ya kuiva. Ukiuma kitu nguvu nayo, vis inatoka, na mufupa itabaki na tundu kubwa kuliko ya kwanza."

"Nimesikia," nikasema, mais nilikuwa ninajiangalia mu kioo, na mutu mwenye anajiangalia mu kioo hasikiake kitu.

Na kosa njo hii hapa, kosa ndogo kabisa: sikuambia mutu. Hata bibi yangu nilimudanganya, nikasema jino imekamata, ninaweza kuvunja mifupa nayo. Juu ya nini? Majivuno, bandugu, majivuno tu. Nilijua nikisema ni ya muda, kesho bauzishaji bote bataniita Portail ya Location, mulango ya kukodesha. Ningeambia mutu moja tu, leo hatungekuwa hapa.

Ile dot ilikuwa ya Kakule. Baba yake, kaka yangu mukubwa, alikufa Kakule iko na miaka tano, na miye njo nilimulea, ni mutoto yangu. Alipenda Masika, musichana wa Beni, kule mutaa ya Beu, miaka tatu nzima, na kwabo Masika hawakututaka. Balisema batu ba Butembo banajua biashara tu, banaoa sawa vile banauza mifuko ya simenti. Ilichukua mwaka muzima kubalainisha. Kakule akaniambia ile asubui, wakati tunapanda gari, "Tata, leo usiharibu." Nikamujibu, "Mutoto, lini niliharibu?" Na nikamuonyesha jino.

Tukafika Beu mbele ya saa sita, tukapokelewa muzuri, batu mingi, viti ya plastike chini ya bâche, ile turubai. Mwenye alipika ni Mama Katungu, mama ya Masika, mujane, alilea batoto batano na malewa yake, ile resto ndogo ya mabao pale soko, bugali na sombe na samaki. Miye nikasimama, nikasema. Oh, nilisema ile siku. Nilicheka na meno yote, hakuna mukono ku mudomo, na bamama ba upande yabo banapiga vigelegele, na hata porte-parole yabo, Papa Mumbere, muzee mwembamba wa macho makali, akatikisa kichwa sawa mutu anasema huyu anajua kazi. Mbuzi tukapatana. Nikakaa, roho yangu inaimba.

Kumbe ilibaki chakula. Kila mahali kwetu firigisi ya kuku ni ya mwanaume mukubwa, ile munajua, mwanamuke haikule, hata kuilamba. Mais mule mu nyumba yabo Masika kuna desturi moja ya zamani: porte-parole mugeni anapewa firigisi nzima, hapana kisu, anaiuma na meno ya mbele mbele ya batu bote, nusu anakula, nusu anapatia mwenzake ya upande ingine, njo banasema undugu umefungwa mu meno moja. Bakaniletea ile kitu ku sahani nyeupe. Ilikuwa firigisi ya jogoo muzee, bandugu, jogoo mwenye aliona vita yote ya hii inchi. Nguvu sawa kisigino.

Hapo ningesema. Ningeinamia Papa Mumbere ku sikio: muzee, niko na jino mupya, docteur amenikataza. Angecheka, tungekata na kisu, ingeisha. Mais nilikuwa nimecheka na ile jino saa mbili nzima mbele ya Beni muzima. Basi nikafanya nini? Nikajifanya ninakohoa, nikageuka pembeni, nikainua firigisi ku mudomo, na mukono ikashuka nayo mpaka mu poche ya veste, mufuko ya koti. Nikageuka tena ninatafuna hewa. Ninatafuna, ninatafuna, ninameza mate, na nikasema, "Bakwe, munisamehe, njaa ya njia ilikuwa kali, nimekula nusu yangu na ya Papa Mumbere."

Bakacheka. Na miye nikacheka. Mais veste yangu ilikuwa rangi ya maziwa (nilishonesha juu ya ile siku, kuuzisha bitenge na kushindwa kuvaa ni haya), na ile firigisi ilikuwa imelala mu mafuta ya palme. Nikaona macho ya Papa Mumbere inashuka polepole, kutoka ku kinywa yangu mpaka ku poche. Alama nyekundu ilikuwa inapanuka pale.

"Porte-parole," akasema, polepole kabisa, "mu poche yako muko nini?"

Nikasema ni mouchoir, leso tu. Akasema utoe. Nikatoa firigisi, mbele ya batu bote. Na miye, mutu wa mudomo, nikatafuta uongo ingine na nikapata mubaya kupita ya kwanza: nikasema nilikuwa ninapelekea bibi yangu. Firigisi, kwa mwanamuke. Hata betu bakashika vichwa.

"Hapana," Papa Mumbere akasema. "Mutu anafichaka chakula mu poche juu ya kitu moja. Unaogopa karuho yetu."

Munajua ile neno. Karuho ni sumu, ile banasemaka batu banatiaka mu chakula, na kwetu mutu akiisha kukutajia ile neno, jina yako haisafike tena. Nikaona Kakule ananiangalia. Uso yake ilikuwa sawa ya ile mutoto ya miaka tano. Basi kwa hasira, kwa haya, kuonyesha siogope kitu, nikatia firigisi mu meno ya mbele na nikauma na nguvu yangu yote.

Krak.

Sikusikia maumivu mara moja, nilisikia baridi. Jino ikatoka, na vis yake, ikaanguka chini mu vumbi, na damu ikashuka ku kidevu, ku shemise, ku ile veste. Na binamu yangu Mbusa, mwenye alikuwa amekaa nyuma na kasikisi yake tangu asubui (ile pombe ya ndizi, hakuna mutu alimuita ku meza, hakuna mutu alimuuliza kitu), akaruka na kupiga kelele mpaka ku barabara, "Karuho! Bameua Kasereka! Ile mama ametia karuho!"

Viti ikaanguka. Betu bakasimama, babo bakasimama, majirani bakapanda ku fensi, simu zote ikatoka kupiga video. Na miye? Sasa munisikilize, juu hapa njo hasira yangu inakaa. Nilikuwa na ulimi. Jino imetoka, ulimi iko. Neno moja tu, "ni jino", na yote ingeisha. Mais nilikuwa chini, ku magoti, mukono mu vumbi, ninatafuta vis. Nilikuwa ninafikiri moto yangu niliuzisha. Banaita mujane muloji juu yangu, na miye niko natafuta chuma kati ya miguu ya batu.

Mama Katungu akatoka ku jikoni, bado na kitambaa ya kupangusia mukononi. Hakulia, hakujitetea. Batu bakamufungulia njia. Akainama, akaokota ile firigisi mu vumbi, na damu yangu juu yake, akaipangusa kidogo, na akaitia mu kinywa. Mwanamuke, firigisi, mbele ya banaume. Shangazi moja akasema "Eh, Katungu." Na ye akatafuna. Iko na meno pungufu kuliko miye, ile ya mbele hata moja haina, alitafuna na ile ya nyuma, polepole, mpaka akaimeza yote, na akafungua kinywa tuone.

Njo wakati ile nikasema, chini pale, "Ni jino. Ilikuwa ya muda. Docteur alinikataza." Damu ikarukia maneno. Hakuna mwenye alicheka, hata Mbusa.

"Ungetuma mutu jikoni aniambie," Mama Katungu akasema. "Ningekupikia supu."

Akarudi ndani.

Masika tulimupata, nyuma ya muezi moja, na porte-parole mwingine, na miye nilikaa ku kiti ya mwisho kabisa na hakuna mutu aliniuliza kitu. Ile niliistahili. Mais video ilibakia mu simu za batu, na mu video hawakutia mwisho, banatia tu damu na sauti ya Mbusa. Batu ba Beni, batu bale bale balikula bugali yake miaka kumi na tano, bakaanza kupita mbele ya malewa wakiangalia kando. Nikamupigia Mbusa simu, nikamuambia maneno yenye padri hataki kusikia. Haisaidie kitu. Nikasema ku soko yetu hapa, nikasema kanisani, batu bananijibu, ndiyo Portail, tumesikia, na macho yabo inaniambia ingine.

Basi sasa kila siku ya posho, njo jumamosi, ninafunga magazini yangu ya bitenge, ninapanda gari ya Beni, ninapita barrière zote, vizuizi ya basoda, ninakaa ku meza ya mbele mu malewa ya Mama Katungu, pale njia inapitia, na ninakula. Bugali, sombe, samaki, kinywa wazi, pengo wazi, batu baone mutu mwenye balisema alikufa. Siku ya kwanza nilikuwa miye peke. Ye alinitilia chakula, akarudi jikoni. Posho iliyopita tulikuwa batu bane.

Docteur alinipigia simu, anasema mufupa imepona, tunaweza kuanza tena implant, na hii mara nitangoja miezi ine sawa mutu mwenye akili. Nikamuambia angojee ye. Ile malewa iko na meza sita, na mpaka zote zijae, hakuna jino itaingia mu hii kinywa.